Nionyeshe umejiandikisha, usinionyeshe umempigia nani

Wacha nianze na aibu yangu ndio tuende sawa. Mimi sijawahi kupiga kura.

Eeh, mimi huyu. Mimi wa kushika maiki na kufuata watu wa boda nikiwauliza "2027 uko na nani?" Mimi wa kuposti bendera Juni 2024 mpaka simu ikazima. Mwaka 2022 nilikuwa na miaka 19, nilikuwa nimejiandikisha, jina lilikuwa kwenye sajili kama la mtu mzima yeyote, na siku ya kura ikapita nikiwa nje ya geti la shule moja ya msingi huku Kayole, nimeegemea ukuta, nikimngoja mathe atoke.

Shida yenyewe ilikuwa ndogo na ya kijinga. Makarani wa tume walikuja chuoni kwetu mapema mwaka huo, wakaweka meza karibu na mesi. Laini ilikuwa fupi, mbogi yangu ilikuwa inaingia, na mimi nikaingia. Hakuna aliyejiuliza Agosti tutakuwa wapi. Agosti chuo kikafungwa kupisha uchaguzi, sote tukarudi kwetu, na kwa sheria yetu unapigia kura pale ulipojiandikisha, si pale unapolala. Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa zaidi ya pesa niliyokuwa nayo. Kusema ukweli, sikuitafuta sana. Baadaye karo ikanishinda nikaacha chuo kabisa. Kwa hivyo digrii sina, lakini kura yangu ilibaki huko ikiendelea na masomo.

Walioandikishwa mwaka huo walikuwa 22,120,458. Waliofika kumchagua rais walikuwa milioni 14 na kitu. Mimi ni mmoja wa wale karibu milioni 8 waliobaki nje. Tofauti kati ya wa kwanza na wa pili ilikuwa kura 233,211. Sisemi tungebadilisha chochote, hakuna anayejua. Nasema tu hiyo hesabu hunikosesha usingizi siku zingine.

Lakini stori ya leo ni ya mathe.

Mathe anauza chapati na madondo karibu na stage. Tarehe 9 Agosti 2022 aliamka saa kumi usiku kama kawaida yake, ila siku hiyo hakuwasha jiko. Alivaa ile sweta ya kanisa, akachukua kitambulisho, tukatembea mpaka shuleni gizani. Alikaa kwenye laini karibu saa nne. Alipotoka, kidole kikiwa cheusi, nilimtania: "Haya mama, umetuchagulia nani?" Hakucheka. Akasema twende, jua litatuchoma. Njia nzima hakuongea, na mathe wangu ni mtu wa kuongea mpaka na mbuzi. Nikadhani amechoka.

Miaka mitatu ikapita. Tarehe 29 Septemba 2025 tume ilirudisha uandikishaji wa wapiga kura nchini, na mimi nikaanza kutengeneza vidio za kuwaambia watu wa rika langu waende ofisi ya IEBC ya eneo bunge lao. Jioni moja nilikuwa nikirekodi kwa nyumba, nimesema ile laini yangu ya "kura yako ni sauti yako", mathe akiwa anakanda unga nyuma yangu. Akasema, bila hata kuinua kichwa: "Yangu haikuwa yangu."

Nikazima kamera.

Ikatoka polepole. Wiki moja kabla ya ule uchaguzi, landilodi wa ile ploti tuliyokuwa tunakaa aliita mkutano wa wapangaji uani, pale kwa mfereji. Alikuja na daftari. Akaandika jina la kila mtu mzima, namba ya kitambulisho na kituo chake cha kura. Halafu akawaambia mgombea wake ni nani. Hakutisha mtu kwa sauti ya juu. Alisema tu kwamba siku hizi mambo ni ya kompyuta, ukishaweka kidole kwenye ule mtambo kila kitu kinaonekana, na yeye ana watu wake ndani, atajua nani alifanya nini. Mathe alikuwa na deni la nyumba la miezi miwili. Mimi na sisi wengine tulikuwa tunalala kwa hiyo nyumba.

Basi akaingia kituoni, akaweka kidole, akaona picha yake ikitokea kwenye skrini, akaamini. Akampigia mtu wa landilodi. Yule aliyemtaka yeye hajawahi kunitajia mpaka leo.

Manze, nilikasirika. Kwanza nilimkasirikia landilodi, halafu nikamkasirikia mathe kidogo, halafu nikajikasirikia mimi, kwa sababu siku ya ule mkutano nilikuwa kwa nyumba nimeweka spika masikioni, na kama angeniuliza ningemjibu kwa dakika mbili. Au labda nisingeweza. Ukweli ni kwamba mimi mwenyewe 2022 nisingekuambia ule mtambo unafanya nini hasa. Nilijifunza baadaye.

Kwa hivyo wacha nieleze hapa, na ukimaliza kusoma umwelezee mathe wako.

Ule mtambo wa KIEMS unakaa mezani kwa karani. Swali lake kwako ni moja: wewe ni nani, na uko kwenye sajili ya kituo hiki? Unaweka kidole, picha inatokea, karani anathibitisha ni wewe. Hapo umemalizana nao. Unapewa karatasi sita, za rais, gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge na MCA, kila moja na rangi yake. Jina lako haliko kwenye karatasi hata moja. Namba ya kitambulisho haiko. Unaenda nazo peke yako kwenye kile kiboksi, unaweka alama, unakunja, unatumbukiza kila karatasi kwenye sanduku lake. Huko ndani inachanganyika na za majirani, na kituo kimoja kinaweza kuwa na wapiga kura mpaka 700. Mtambo haukufuati kwenye kiboksi. Jioni unatumika tena kupiga picha fomu ya matokeo, lakini fomu hiyo ni ya jumla ya kituo kizima. Inasema fulani kapata ngapi. Haisemi ni nani alimpa.

Nilimwelezea mathe kwa mfano wa kanisa lake. Wazee wa kanisa wanajua nani alikuja Jumapili, wanamwona kwa macho. Lakini noti zikishaingia kwenye kikapu cha sadaka, hakuna anayeweza kuokota hamsini na kusema hii ni ya Mama fulani. Sajili ya wapiga kura ni kujua nani alikuja. Sanduku ni kikapu.

Akanyamaza, akageuza chapati, akasema: "Mbona hawakutuambia hivyo?"

Hilo swali ndilo limenifanya niandike hii yote. Kwa sababu Katiba imeweka haya mambo mawili mahali pamoja. Soma Ibara ya 38(3). Kila raia mtu mzima ana haki ya kuandikishwa kuwa mpiga kura, na mstari unaofuata tu, haki ya kupiga kura ya siri. Yamekaa sako kwa bako kama watu wa matatu. Lakini sisi kwenye kampeni zetu zote za vijana, na mimi nikiwemo, tunapigia kelele la kwanza pekee. Jiandikishe, jiandikishe, jiandikishe. La pili tunadhani linajulikana. Halijulikani. Na mtu asiyeamini la pili, hilo la kwanza kwake linaonekana mtego: serikali inachukua kidole changu, jina langu, picha yangu, halafu nikachague mtu asiyependwa na wakubwa? Hapana asante.

Na usimcheke. Kuna sababu mathe aliamini upesi hivyo, na sababu yenyewe ni shosho.

Shosho alikuwa Murang'a mwaka 1988. Ukiuliza mtu yeyote wa umri wake kuhusu mlolongo, atakuambia mwenyewe, lakini wengi wetu tumeisikia kama neno tu la babu. Ilikuwa hivi. Chama kilikuwa kimoja, Kanu. Februari mwaka huo, kuchagua nani atasimama kwa ubunge kulifanywa kwa kupanga foleni uwanjani nyuma ya mgombea, au nyuma ya mtu aliyeshika picha yake. Huna kadi ya Kanu, huna foleni. Hakuna karatasi, hakuna sanduku. Na mgombea akipata zaidi ya asilimia 70 kwenye foleni, imeisha, anahesabiwa kuwa amepita bila kupingwa, mpaka ile kura ya siri ya Machi haimhusu tena.

Sasa fikiria uko uwanjani. Chifu yuko pale, chifu msaidizi yuko pale, jirani mliyegombana naye kuhusu mpaka wa shamba yuko pale, na wote wanaona mgongo wako uko kwa foleni gani. Shosho anasema alitaka kusimama kwa foleni moja, akamwona chifu anamwangalia, miguu ikampeleka kwa nyingine. Ndivyo anavyosema, miguu ilimpeleka. Na hata hiyo haikusaidia, kwa sababu mahali pengi foleni fupi ilitangazwa ndefu na foleni ndefu ikatangazwa fupi. Ukibisha, utahesabu nini? Watu wameshaenda nyumbani kukamua ng'ombe. Foleni haina karatasi ya kuhesabu tena. Charles Rubia, aliyewahi kuwa meya wa Nairobi, alipoteza kiti cha Starehe kwa huo mlolongo, na miaka miwili baadaye yeye na Kenneth Matiba walikuwa mstari wa mbele kudai vyama vingi. Viongozi wa makanisa walipiga kelele kuhusu foleni tangu 1986 chama kilipoikubali. Mwishoni mwa 1990 Kanu yenyewe ikaiacha.

Mathe alikuwa mtoto wakati huo. Alikua akisikia nyumbani kwamba ukichagua vibaya unaonekana. Kwa hivyo landilodi alipokuja na daftari na maneno ya kompyuta, hakumfundisha kitu kipya. Alimkumbusha.

Na hii ya landilodi, nikichimba nimegundua ni ya zamani kuliko Kenya. Hao Waingereza waliotuletea vituo vya kura, kwao watu walikuwa wanapiga kura kwa mdomo. Unapanda jukwaani, unataja mgombea wako mbele ya umati, jina lako na chaguo lako yanaandikwa kwenye kitabu ambacho mtu yeyote angeweza kununua. Kule Wales, baada ya uchaguzi wa 1868, kuna wapangaji wa mashamba waliofukuzwa na wenye ardhi kwa sababu hawakumpigia mtu wa mwenye ardhi. Wueh, si hii ni ploti yetu kabisa? Sheria ya kura ya siri ilipitishwa huko 1872, miaka 16 baada ya jimbo la Victoria kule Australia kuanza, na mwezi uliofuata ikajaribiwa kwenye uchaguzi mdogo wa mji wa Pontefract. Sanduku lililotumika lilitiwa lakiri kwa muhuri wa kiwanda cha peremende cha hapo mjini. Hiyo ya peremende haina kazi hapa, nimeipenda tu.

Ninachotaka ushike ni hiki. Kura haikufanywa siri ili watu waoga wajifiche. Ilifanywa siri ili usiweze kuthibitisha. Hata ukitaka. Kwa sababu siku ambayo unaweza kuthibitisha ulimpigia nani, ndiyo siku mtu anaweza kukulazimisha uthibitishe. Landilodi, mume, bosi, mzee wa kanisa, yule jamaa wa mia tano.

Tumfikie huyo wa mia tano. Mnamjua, kila mtaa uko naye. Usiku wa kuamkia kura anapita na bahasha, na siku hizi amejanjaruka, hakuamini. Anataka picha. Ingia, weka alama, piga karatasi picha, nitumie WhatsApp, nakutumia doo kwa simu. Mwaka 2022 tume ilikataza kutumia simu ndani ya kiboksi kwa sababu hiyo hiyo, lakini mnakumbuka siku hiyo mitandao ilijaa nini. Karatasi zenye alama, na emoji za moto. Wengi hawakulipwa hata shilingi. Walikuwa wanafurahia kura ya kwanza, na naelewa, hata mimi ningepiga. Ila kila anayeposti ya bure anamrahisishia kazi yule anayedai ya kulipia, maana inakuwa kawaida. Inakuwa, kama wenzako wanaonyesha, wewe unaficha nini?

Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inaweka hongo kuwa faini isiyozidi shilingi milioni 2, au kifungo kisichozidi miaka 6, au vyote viwili. Na si kwa anayetoa pekee. Anayepokea pia. Mia tano kwa miaka sita, piga hiyo hesabu. Lakini hata bila polisi, angalia vile biashara yenyewe ilivyo: bila picha, mnunuzi wa kura ananunua hewa. Anakupa bahasha, unaingia kwenye kiboksi, na hakuna nguvu duniani inayomwezesha kujua ulichofanya. Hicho kiboksi cha kadibodi ndicho kinachomfilisi.

Kuna ujanja mwingine wa kizamani, wa kumwambia mtu ajifanye hajui kusoma. Asiyejua kusoma au mwenye ulemavu anaruhusiwa kusaidiwa, na akija bila mtu wake, afisa msimamizi humsaidia mbele ya mawakala wa vyama. Basi mtu wa diploma anaingia anasema hajui herufi, anatamka jina kwa sauti, wakala anasikia, malipo yanatoka. Sheria iliyowekwa kumlinda shosho anayeona kwa shida inageuzwa mlolongo wa mtu mmoja mmoja.

Sasa niseme yangu, kwa sababu nimesema ya kila mtu. Mwaka jana nilikuwa na ile sehemu yangu ya kuhoji watu mtaani. Swali langu lilikuwa moja, uko na nani, na lilikuwa linaleta watazamaji wengi kuliko kitu kingine chochote nimewahi kufanya. Jamaa mmoja wa boda alinijibu kwa roho safi, akataja jina ambalo halipendwi hapo stage yao. Vidio ikatembea. Baada ya siku tatu akanipigia. Hakunitukana. Alisema tu, "Bro, nimeambiwa nitafute stage ingine." Nikafuta ile vidio, lakini ilikuwa imeshapakuliwa na watu na kusambazwa. Mimi bila daftari nilifanya kazi ya landilodi. Tangu hapo hilo swali nimeliacha. Siku hizi nauliza kituo chako kiko wapi, na watazamaji wamepungua nusu. Sawa tu.

Najua kuna mtu tayari anaandika komenti: siri gani, na wanatujua wote. Hapo sikatai kabisa. Mwezi Juni 2021 Wakenya waliingia eCitizen kuangalia, wakajikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi hata kuvisikia. Mtu alichukua namba zao za vitambulisho na kuwasajili. Ile ilikuwa sajili ya vyama, si ya wapiga kura, ni vitu viwili tofauti, lakini ukishaona jina lako mahali ambapo hukuliweka, utaamini vipi sajili nyingine? Na hii ya wapiga kura nayo si malaika. Wakaguzi waliopitia ile ya 2022 walikuta majina zaidi ya 200,000 ya watu waliokufa. Kwa hivyo ndiyo, sajili inahitaji macho yetu, na ni sawa iwe wazi. Ikibandikwa, nenda usome, tafuta jina lako, tafuta na la marehemu jirani yako. Sajili ikifichwa tunaibiwa. Kura ikifunuliwa tunaibiwa vilevile. Moja inafaa kuonekana na kila mtu, nyingine isionekane na yeyote, na sisi tumezoea kufanya kinyume, tunaanika kura na hatuna habari na sajili.

Na kuna mahali siri haifiki, tusidanganyane. Baada ya uchaguzi wa 2007 waliuawa zaidi ya watu 1,100 nchini hii, na hakuna muuaji aliyeomba kuona karatasi ya kura ya mtu. Walisoma jina kwenye kitambulisho, wakajaza wenyewe. Kiboksi hakiwezi kukulinda na mtu aliyeshaamua kwamba jina lako la mwisho ndilo kura yako. Kila tunapomwambia mtu "wewe si ni wa fulani, najua utampigia nani", hata kama ni utani, tunamnyang'anya kile kiboksi kabla hajakifikia. Nimefanya huo utani. Mnajua mmeufanya.

Pia matokeo ya kila kituo hubandikwa mlangoni, na 2022 fomu hizo zilikuwa kwenye intaneti kila mtu anasoma. Hiyo ni nzuri, ndiyo iliyotuwezesha kujumlisha wenyewe usiku kucha na kalkuleta. Ila inamaanisha mwanasiasa anaweza kujua shule yenu ilimpa ngapi. Anaweza kukasirikia mtaa. Wewe hakujui, lakini barabara yenu anaijua. Sijui dawa ya hiyo zaidi ya kuwa wengi.

Kuhusu kuwa wengi: mwaka 2021 tume ililenga kuandikisha wapiga kura wapya milioni 6 kwa mwezi mmoja. Wakapata kama milioni 1.5. Kufikia uchaguzi wa 2022, watu wa miaka 18 hadi 34 walikuwa asilimia 39.84 ya sajili, chini ya vile tulivyokuwa 2017, katika nchi ambayo ukitupa jiwe linampata kijana. Si wote ni wavivu. Kuna wenzetu, hasa wa familia za Kisomali na Kinubi, ambao wamehangaishwa miaka na miaka kupata kitambulisho tu, na bila kitambulisho halisi au pasipoti haukaribii ile meza, kile kikaratasi cha kungojea kitambulisho hakikubaliwi. Lakini wewe unayesoma hii unacho. Kiko kwa waleti, nyuma ya ile kadi ya benki isiyo na kitu.

Na wale mnaoniambia kura ni upuzi, kwamba lugha wanayoelewa ni ya barabarani. Juni 25, 2024 nilikuwa mjini. Siku iliyofuata rais akasema hatausaini ule Mswada wa Fedha, kwa hivyo usiniambie sijui barabara inaweza nini. Lakini najua pia ilitugharimu nini. Barabarani uso wako unaonekana. Tulirekodiwa, na mimi nilikuwa narekodi, na baadaye Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu visa 82 vya watu kutekwa kati ya Juni na Desemba mwaka huo. Kuna mbogi yangu ambao mpaka leo hawaposti kitu. Sasa niambie, ni mahali gani pengine katika nchi hii unaweza kumwambia mkubwa hapana, kwa maandishi, na hakuna kamera, hakuna subaru, hakuna anayejua ni wewe? Nimefikiria sana, sijapata pengine. Kuna kile kiboksi tu, na hakikupokei kama hukupita kwanza mezani kwa karani.

Wiki mbili zilizopita nilienda kuhamisha kura yangu kutoka kule chuoni. Nilimbeba mathe, ati anisindikize. Ilichukua dakika kumi na kitu, karani alikuwa msichana wa rika langu, akaniuliza kituo, nikataja ile shule niliyoegemea ukuta wake. Mathe akasimama kando akiangalia kidole changu kikichukuliwa. Halafu akamuuliza yule karani, kwa heshima, kama mtu anayeuliza bei: "Mwanangu, na hiki kidole kinaonyesha mtu amechagua nani?"

"Hapana mama. Hata mimi sitajua."

Tulipotoka nikamuuliza, sasa Agosti 10, 2027 utampigia nani. Akaniangalia vile huniangalia nikiomba pesa.

"Baba, hiyo haikuhusu."

Kama umejiandikisha mahali ambapo hutakuwa siku hiyo, nenda uhamishe sasa, usingoje laini ya mwisho, sajili hufungwa kabla ya uchaguzi na hapo hakuna kulia. Beba kitambulisho chenyewe, si picha yake kwa simu. Kama mathe wako au shosho wako ana hofu kama ya wangu, mpeleke mkae wote kwa karani, mwache aulize mwenyewe.

Hapo chini niandikie kituo chako na kama umehamisha. Jina la mgombea ukiandika, nafuta.